Visu Vinavyofunguka

Jumanne asubuhi Bi Makali alibana kisu cha kukunja kwenye jiliwa la meza yake ya kazi, akaanza kukitilia kikulabu cha waya mgongoni mwa ubapa. Jina la Makali alipewa kwa sababu ya kazi yake ya kunoa. Yeye mwenyewe hakuwahi kumkaripia hata paka. Kikulabu kilikuwa kidogo kama punje ya mchele. Kazi yake ni kunasa pindo la mfuko, ili mtu akivuta kisu ubapa utoke wenyewe, asihitaji mkono wa pili.

Kisu kilikuwa cha mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee. Alikuwa amesimama nje ya mlango, kofia mkononi, akisubiri kukaribishwa kama mgeni, ingawa ndoa ilikuwa imeingia mwaka wa sita.

"Ingia, baba. Mlango hauumi."

"Ahsante, mama. Hapa hapa panatosha."

Mkwe alifanya kazi kwenye ghala la marobota ya nguo. Zamani kila robota lilikuwa na watu wawili: mmoja alilishika lisianguke, mwingine alikata kamba. Mwezi uliopita meneja aliwaondoa wote wa kushika. Sasa mtu mmoja alilikumbatia robota kwa mkono mmoja na kukata kwa mkono uliobaki, na kisu cha kukunja kwa kawaida hutaka mikono miwili kukifungua. Ndiyo maana ghala zima lilitaka visu vya haraka. Hayo mkwe aliyaeleza vizuri, kwa adabu. Kuhusu bega lake la kushoto, lililokuwa limeshuka kidogo, hakusema neno.

Bi Makali alikijaribu kisu kwenye mfuko wa aproni. Fundi mwingine angekivuta tu akaridhika. Yeye alizoea kuongea na kazi yake, kwa hiyo kila alipokivuta alikibembeleza: "Haya, funguka." Alikivuta mara arobaini, akakiambia mara arobaini. Kisha akachukua suruali ya kazi ambayo mkwe alikuja nayo, akashona pindo la mfuko kwa uzi maradufu, kikulabu kisije kikaichana. Hilo hakuwa ameombwa.

Mkwe akatia kisu kwenye mfuko wa suruali aliyovaa, akakivuta. Chwa! Ubapa ukatoka, na yeye naye akafunguka.

"Mama, robota liliniangukia begani wiki mbili zilizopita. Mkono huu hauna nguvu. Likinipata jingine sijui kama nitanyanyuka. Binti yako nimemdanganya kwamba nimeulalia vibaya."

Akakikunja kisu. Maneno yakakoma hapo hapo.

"Kinafunguka vizuri, mama," alisema.

"Naona," alisema Bi Makali. Akachemsha maji, akachovya kitambaa, akampa ajikande, kisha akageukia dirishani mpaka alipomaliza, maana ni mkwe.

Kufikia Ijumaa alikuwa ametengeneza visu kumi na tisa. Ghalani kazi iliongeza kasi, na watu wakafunguka siku nzima. Mmoja alivuta kisu akasema ndiye aliyekuwa akimaliza sukari ya chai ya wote. Mwingine alisema kofia aliyonunuliwa na mkewe anaichukia, akaendelea kuivaa. Mama mmoja waliyemwita Redio, kwa jinsi alivyokuwa haishiwi maneno, alivuta chake na kunyamaza kabisa, kwa kuwa hakuwa na lililobaki ndani. Wenzake walimshukuru.

Meneja alipoona marobota yanavyokwisha, naye akapeleka kisu chake cha kukunja, cha kufungulia barua. Bi Makali alikishughulikia kuliko vyote. Alikijaribu mara themanini. "Funguka," alikiambia. "Funguka, tafadhali." Akamshonea na pindo la mfuko wa koti.

Jumatatu meneja alikivuta mbele ya wafanyakazi, kuwaonyesha kwamba na yeye anacho.

"Mtu mmoja haliwezi robota," alisema. "Nililijaribu mwenyewe siku moja mlipokwisha kuondoka. Likanishinda. Nikawaandikia wakubwa kwamba mtu mmoja analiweza."

Lori lilikuwa likinguruma mlangoni.

"Tumekusikia, bosi," alisema Redio. "Sasa?"

Meneja alikikunja kisu. "Sasa tushushe mzigo. Dereva anasubiri."

Wakashusha.

Jioni ile meneja alifika kwa Bi Makali, akakiweka kisu mezani.

"Kirudishe kilivyokuwa, mama."

"Kwani kina kasoro?"

"Hakina. Kinafunguka mno."

Bi Makali alimvutia kiti, akamfutia vumbi kwa upindo wa aproni. "Kukirudisha ni kazi ya dakika tano," alisema. "Na wale wa kushika, mwanangu? Nao si ungewarudisha?"

Meneja alitazama viatu vyake. "Hilo haliko mikononi mwangu."

Bi Makali alikibana kisu kwenye jiliwa. Akang'oa kikulabu kwa koleo, akasugua palipobaki pakali, mwenye kisu asijikate. Meneja alikishika kisu kwa mkono wa kushoto, akatia ukucha wa kulia kwenye mfuo wa ubapa, akakifungua polepole. Mdomo wake ulibaki umefungwa.

"Hapo sawa," alisema. Akashukuru sana, na shukrani zake zilikuwa za kweli.

Kesho yake ghalani mkwe alilikumbatia robota la kwanza, akalibana kwa bega lile lile, akavuta kisu.

"Bega linaniuma," alisema, akakata kamba.

Akaenda la pili. "Bega linaniuma," akakata. Redio, aliyekuwa karibu, akasogea na kuliegemeza robota kwa nyonga yake mpaka kengele ya msimamizi ikamrudisha kwenye mstari wake. Juu, nyuma ya kioo, meneja alikuwa akifungua barua za asubuhi kwa utulivu, kwa mikono yake miwili.