Saa ya Kupaka

Kila Jumatatu, kabla hajafungua duka, Saida alikoroga dawa uani. Alikuwa na beseni la bluu ambalo hakulitumia kwa kazi nyingine, na mwiko uliokwisha kupauka. Alikamua tyubu za aina tatu zilizovushwa mto Ruvuma kwa magendo, akaongeza losheni ya kawaida, akakoroga mpaka mchanganyiko ukawa laini kama uji wa mgonjwa. Kisha akajaza vikopo visivyo na jina. Vikopo hivyo havikupangwa kwenye shelfu pamoja na sabuni, mafuta ya nazi na nywele za bandia. Vilikaa chini ya meza, ndani ya ndoo yenye kifuniko, kwa sababu mkorogo, dawa ya kujichubua ngozi, umepigwa marufuku. Kijiji kizima cha Mtawanya kilijua vilipo.

Binti yake, Nuru, alikuwa na miaka kumi na sita, yuko kidato cha nne, na uso wake ulijaa chunusi. Zilianzia kwenye paji la uso, zikashuka mashavuni, zikawa kubwa, zenye usaha na maumivu. Shuleni walimwita Fenesi. Dukani wateja walimtazama yeye, kisha wakakitazama kikopo mikononi mwao.

"Mama Nuru," mmoja aliuliza, "dawa yako hii, kwako mwenyewe haifiki?"

Jioni ile Saida alimpaka mwanawe mkorogo. Nuru akalalamika kwamba unachoma. Saida akamwambia avumilie, dawa ikichoma ndiyo inafanya kazi. Alimpaka siku tano mfululizo. Siku ya sita ngozi ya mashavu ilibanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake ikatokea ngozi nyingine, nyembamba mno, isiyostahimili hata upepo wa feni.

Akampeleka zahanati. Nesi Magreth, aliyehamia Mtwara kutoka Songea, alimtazama msichana, kisha akamtazama mama.

"Mmempaka nini?"

"Sabuni tu, nesi," Saida alisema.

Nuru aliinamisha macho sakafuni, asimwumbue mama yake. Nesi naye hakubishana. Aliwaeleza cha kufanya: anawe uso mara mbili kwa siku, kwa maji ya kawaida na sabuni isiyo na manukato, kwa vidole, si kwa dodoki. Asitumbue chunusi. Asipake ndimu wala dawa ya meno. Foronya ifuliwe mara kwa mara. Ngozi ikishatulia, apake kidogo ile dawa ya tyubu aliyompa, usiku, na wasikate tamaa kabla ya miezi miwili kwisha.

Walipofika nyumbani Saida alimwambia mwanawe kwamba ile ndoo atakwenda kuimwaga yote. Kesho yake alimwambia ameshaimwaga.

Mengine aliyafanya kweli. Alifua foronya kwa mikono yake, alitafuta sabuni ile mpaka akaipata mjini, na kila asubuhi alisimama mlangoni kuhakikisha mtoto hasugui. Chunusi zikaanza kukauka.

Lakini kuchomwa hakukuisha. Kulikuja kwa vipindi. Nuru alikuwa anakula, ghafla anaweka kijiko chini na kushika shavu. Moto ulianzia mahali pamoja, ukatambaa taratibu kama vidole viwili vinavyopaka, kisha ukatulia. Baada ya wiki moja akaanza kujua vidole hivyo ni vya nani.

"Mama Gaudensi anapaka," alisema asubuhi moja, akifunga kamba za viatu. "Ameanza na shingo."

"Umejuaje?"

"Ana kovu chini ya kidevu. Analikwepa."

Mama Gaudensi, jirani yao wa nyumba ya pili, alipoulizwa mchana alikubali. Alikuwa amepaka asubuhi, na kweli alianza na shingo.

"Na alfajiri ulipaka wewe," Nuru alimwambia mama yake usiku ule, wakati wanakula. "Bafuni. Ulisugua sana hapa." Akagusa juu ya shavu lake, pale pale.

Saida akainuka kwenda kutafuta chumvi. Chumvi ilikuwa mezani. Alikaa jikoni mpaka chakula kikapoa.

Walirudi zahanati. Nesi Magreth aliupapasa uso wa Nuru kwa ncha za vidole, akauangalia kwenye mwanga wa dirisha.

"Ngozi yake inaendelea vizuri," alisema. "Hii inayomchoma si yake." Akaandika maneno hayo kwenye kadi. "Dawa yake hapa hatuna, Mama Nuru. Iko kwa anayeuza."

Hakusema kwa ukali. Saida angependa aseme kwa ukali.

Siku tisa ndoo ilibaki imefunikwa. Vikopo vikawa vinaisha majumbani, nyumba baada ya nyumba, Mtawanya, Nanyamba, Msimbati, na uso wa Nuru ukawa unapoa. Akalala kwa ubavu kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Siku ya kumi akaja Bi Sharifa kutoka Msimbati, ana harusi ya bintiye.

"Usiniangushe, Mama Nuru. Mtu unasahau, lakini picha zinabaki."

Saida alitazama barabarani, akatazama mlango wa ndani, akakifunga kikopo kwenye gazeti.

Kesho yake Nuru alirudi kutoka shule kabla ya wakati. Walikuwa na mtihani wa majaribio wa hesabu, naye alikuwa ameacha nusu ya maswali.

"Bi Sharifa amepaka mgongo mzima," alisema.

"Atakuwa alibakiwa na cha zamani."

Nuru alikwenda uani kunawa, kwa maji ya kawaida, kwa vidole, kama alivyofundishwa. Saida alisimama nyuma ya pazia akisikiliza maji yanavyomwagika, na hakuwa na pa kuyaweka macho yake.

Habari zikawafikia wanawake. Wakaja Jumapili, kama kumi na wawili hivi, na mihogo na samaki wakavu, wakakaa mkekani wameinamisha vichwa. Mama Gaudensi alilia waziwazi.

"Tusamehe, mwanangu," alimwambia Nuru. "Hatukujua. Tungejua, tusingekuwa tunapaka asubuhi."

Wakakubaliana. Hakuna atakayepaka kabla ya saa kumi alasiri, mtoto akiwa ametoka shule. Mwezi wa Ramadhani, iwe baada ya futari. Siku za mtihani, mpaka karatasi ya mwisho ikusanywe. Mwalimu Isaya wa shuleni kwake alitoa nakala ya ratiba ya mitihani, akaigonga muhuri, na Saida akaibandika kwenye mlango wa duka. Wa Nanyamba na Msimbati walitumiwa kwa simu.

Siku ile mkekani Saida alisubiri mtu aseme kwamba waache kabisa, ili yeye aitikie. Aliwatazama mmoja mmoja. Nao walikuwa wanamtazama yeye. Kisha chai ikaletwa.

Wanawake waliishika ratiba kwa uaminifu. Saida naye akawa anapaka saa kumi, kama wenzake. Nuru alifanya mitihani yake uso ukiwa baridi, akafaulu vizuri. Chunusi ziliisha, yakabaki madoa machache ambayo nesi alisema yatafifia yenyewe, na jina la Fenesi likasahaulika. Wateja wapya wakauliza msichana yule anatumia nini.

"Maji na sabuni," Saida alijibu.

Wakacheka kwamba anaficha siri ya biashara, wakaomba kikopo. Akainama chini ya meza.

Alhamisi moja, saa kumi ilipotimia, Nuru alilala chali kitandani na kitambaa cha maji usoni. Saida alikaa pembeni yake akimpepea kwa kipande cha boksi. Nuru alikuwa anawataja, kama desturi yao, ili muda uende.

"Mama Gaudensi. Bi Sharifa. Wale wawili wa Nanyamba, wako pamoja, wanacheka."

Akakibonyeza kitambaa shavuni. Kisha akasema, "Huyu simjui. Uso wake mdogo. Na mkono unaopaka si wake, ni mkubwa."

"Mdogo kiasi gani?"

"Hana meno ya mbele. Yameng'oka, mengine hayajaota."

Boksi likasimama hewani. Jumanne Saida alikuwa amemuuzia mwanamke mmoja aliyekuja na katoto ka kike kanakokula ubuyu, midomo myekundu. Hakuuliza dawa ni ya nani. Huwa haulizi.

Alikitoa kitambaa, akakichovya kwenye maji, akakikamua, akakirudisha taratibu usoni kwa mwanawe.

"Amemaliza?" aliuliza.

"Bado," Nuru alisema. "Anamgeuza upande wa pili."

Saida akaendelea kupepea.