Uvimbe Uliorudi

Kanisani walimwita Mama Ushuhuda, na jina hilo lilimganda mpaka kazini. Alikuwa akipiga pasi mashuka ya nyumba za wageni katika chumba cha dobi alichoendesha na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Zamani aliwahi kuwa na uvimbe kwenye titi. Akaombewa, ukayeyuka, na tangu hapo mchungaji hakumwacha akae kwenye benchi kwa amani. Kila walipofika wageni alimsimamisha.

"Mungu wetu haponyi nusu," alizoea kusema. "Anaponya mwili, nyumba, kazi, moyo. Mama, simama wakuone."

Naye alisimama.

Uvimbe uliporudi hakumwambia mtu. Mwanzoni ulikuwa kama punje ya hindi, kisha ukakua, ukapasua ngozi. Aliufunga kwa vitambaa, akajimwagia manukato hadi wifi akamtania kwamba bila shaka amepata mchumba. Alicheka naye. Alipokuwa peke yake alifunga na kuomba, akajilaumu kwamba imani yake imepungua. Lawama hiyo aliijua vizuri. Ndiyo aliyomtupia binti yake siku walipomzika mjukuu: laiti ungekuwa na imani, mtoto angepona. Binti alichukua mkoba wake, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwa mama yake.

Siku moja mkono wa kulia, uliokuwa umevimba kuanzia begani, ulishindwa kuinua pasi. Shuka likaungua. Wifi alikuja mbio kwa harufu ya moshi, lakini alipomkaribia akasikia harufu nyingine. Alifunga mlango, akamfungua vifungo vya blauzi bila kuomba ruhusa. Kisha akaketi juu ya rundo la mashuka machafu.

"Wifi yangu, kwa nini?"

"Ningesimamaje tena mbele ya watu?"

Hospitalini daktari hakuzungukazunguka. Alisema wamechelewa, na kilichobaki ni kuosha kidonda na kutuliza maumivu.

Mchungaji alikuja nyumbani kumwona, akavuta kiti karibu na kitanda, akauliza ni nani aliyemwambia afiche. Mgonjwa alijibu kwamba hakuna.

"Lakini kila uliponisimamisha, Mchungaji, ulininyima ruhusa ya kuugua."

Mchungaji aliinamisha kichwa. Jumapili iliyofuata aliwaeleza waumini ukweli wote, akakiri kwamba alimgeuza mama wa watu kuwa bango. Baadhi walilia. Wengine walinong'ona kwamba mgonjwa lazima ana dhambi aliyoificha, na wengine hawakurudi kanisani kabisa. Mchungaji alikwenda kumsimulia mgonjwa hayo, kisha akauliza amwombee nini.

"Titi liache," alisema. "Niombee mdomo wangu. Ndio uliomchoma mwanangu akiwa bado na udongo wa kaburi mikononi."

Wifi ndiye aliyempigia binti simu. Binti alikuja, akasimama mlangoni bila kuvua viatu. Mama alimwambia kwamba maneno yale ya makaburini yalikuwa uongo, kwamba mtoto hakufa kwa sababu ya imani ya mtu yeyote kupungua. Siku ya mazishi aliyasema kwa woga, kwa kuwa yeye mwenyewe hakumwelewa Mungu siku ile. Akaomba msamaha.

Binti alikwenda jikoni, akarudi na beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akaanza kufungua vitambaa. Harufu ilipompiga hakugeuza uso.

"Sijakusamehe, mama," alisema huku akiosha. "Sijui lini nitaweza. Geuka kidogo."

Mama aligeuka.

Binti hakuondoka tena. Hawakuzungumza sana. Siku moja mama aliuliza mtoto alikuwa akichekaje, maana hakuwahi kuuliza. Binti alijaribu kumwigiza, akashindwa, wakakaa hivyo hivyo, wameshikana mikono juu ya blanketi.

Kidonda hakikupona. Kilikula hadi ubavuni, naye akafariki asubuhi moja ya mvua. Watu wa kanisani walimwuliza binti kama mama yake alikufa akiwa na imani. Aliwajibu kwamba hajui ya moyoni mwa mtu. Anachojua ni kuwa asubuhi ile walisali pamoja, kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya mtoto, na kwamba ni yeye binti aliyeanza sala hiyo.