Kamba ya Mzee Nkwabi

"...na akatembea, Mwaisha! Mpaka mlangoni, pafu likiwa mgongoni!"

Klara alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi, Geita, simu sikioni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kamba ya katani iliyopita dirishani mpaka ndani. Mwaisha, waliyesoma naye chuo na kuunda naye hilo pafu la mashine, alikuwa Shinyanga akisubiri kusikia kama mgonjwa wao wa kwanza amekubaliwa kwenye majaribio au ametolewa.

Mgonjwa mwenyewe ni Mzee Nkwabi, baba yake Klara. Vumbi la duarani, shimoni alikochimba dhahabu ujana wake wote, lilimmalizia mapafu. Hata kufunga shati, anapumzika kati ya kifungo na kifungo. Pafu hili la kubeba begini linachukua damu kwa mpira shingoni, linaitia hewa, linairudisha.

"Jana nusura tufukuzwe," Klara akasema. "Baba alikuwa anavuta mpira."

"Mpira wa damu?"

"Huo huo. Dokta Rebeka akaja juu, akasema akirudia anamtoa kwenye majaribio. Nikamuuliza, baba, kwa nini? Akasema, ng'wanawane, mwanangu, mashine yenu imenyamaza. Kule chini duarani ukiletewa hewa lazima ujue kama aliye juu bado yupo. Unavuta kamba mara moja, naye anajibu. Mara tatu ni nitoeni. Sasa hapa kamba hakuiona, akavuta alichokiona."

"Na tulivyohangaika mashine isipige kelele."

"Nilimwambia. Akasema poleni."

Basi asubuhi Mama Klara alileta kamba ya kufungia mbuzi. Ncha moja kwa mzee, nyingine kwake. Mzee akavuta. Mama akavuta.

"Nipo," akasema. "Nitaenda wapi na wewe umenifunga?"

Akavutwa hivyo huku anachambua mchele, na kila mara akajibu. Mpira haukuguswa tena. Mzee akainuka, akatembea. Dokta Rebeka akaitazama kamba, akamtazama mzee, akasema amekubaliwa, kamba ihesabiwe kuwa sehemu ya mashine.

"Mama yuko wapi sasa?" Mwaisha akauliza.

"Kalala. Mkono umemvimba. Zamu ni yangu."

Kamba ikakaza. Klara akajibu bila kugeuka. Ikavutwa tena, mara tatu.

"Mwaisha, anataka kutoka nje, na hapa pana ngazi. Tutafika wapi, nitakwambia kesho."