Vitundu vya Sindano

Daktari wa macho alieleza polepole, kama mtu anayeshusha mzigo wa vyungu. Jicho la kushoto la binti halikuwa bovu, lilikuwa vivu. Lizibwe la kulia, ili la kushoto lilazimike kufanya kazi.

"Ila mmechelewa kidogo," alisema. "Binti keshakuwa mkubwa. Nafasi iliyobaki ni hii."

Mwanzoni walitumia plasta. Ikamchuna ngozi. Shuleni wenzake wakampa jina: Taa Moja. "We Taa Moja, washa na ya pili, utatugonga!"

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Alimshonea kifuniko cha kitambaa cheusi, akakipindia utepe laini kisimkwaruze. Kisha, kwa kuwa jicho lilitoka jasho, akakitoboa kwa sindano nyembamba, kitundu kitundu, kama anavyotoboa makwapa ya makoti mazito.

"Nalo lipumue, maskini."

Mambo yakanyooka. Binti akaanza kusoma vitabu kifuniko kikiwa usoni, akitaja hata namba za magari yaliyopita barabarani. Mama akawatangazia wateja, pamoja na wasiouliza: "Jicho limeamka!"

Siku ya kurudi kliniki, daktari alikivua kifuniko, akaliziba jicho la kulia kwa kiganja chake, akamwonyesha bango la herufi ukutani.

"Soma."

Binti akalikodoa jicho la kushoto.

"Ile ya juu kabisa, kubwa."

"Kuna kitu cheusi."

"Soma, mwanangu, usione haya," mama alidakia. "Si juzi tu umenisomea gazeti zima!"

Daktari akakiinua kifuniko mbele ya dirisha. Nuru ikapenya, nukta kwa nukta. Hakugomba.

"Jicho zima halihitaji mlango, mama. Kitundu kinalitosha. Lililokuwa likisoma ni hili la kulia."

"Nitaviziba. Leo hii hii."

"Viziba, tutaendelea. Ila kwa umri wake, miezi iliyopita ndiyo tuliyoitegemea. Siwezi kukuahidi kitu."

Walirudi mpaka mlangoni mwa duka la kushonea.

"Ulijua unaonea kwenye vitundu?"

"Nilijua."

"Sasa mbona hukusema, mwanangu?"

"Ulikuwa unafurahi, mama."

Mama aliketi, akashonea bitana nzito nyuma ya kifuniko, mara mbili. Akakijaribu kwanza kwenye jicho lake mwenyewe, la pili akiwa amelifumba. Giza tupu. Akamvisha binti, kisha akamkabidhi uzi na sindano, kazi aliyokuwa akimsaidia kila siku.

Binti akalamba ncha ya uzi, akaipeleka mbele. Ikapita hewani, mbali na sindano. Akajaribu tena.

"Umeingia?"

Mama aliutazama uzi ukining'inia.

"Bado."

"Na sasa?"

Mama akaona uzi umepita kando tena. Binti akalamba uzi upya, akangoja kuambiwa.