Bibi Arusi Apanda Kilima

Jua lilikuwa la utosi, na mimi na mama tulikuwa tumewasha hita ya gari, ipunguzie injini joto. Madirisha yote yalikuwa wazi. Mtandio ulikuwa umemlowa mama shingoni, naye ameung'ang'ania usukani, macho kwenye mshale wa joto, akiutazama kama anavyomtazama mtoto anayechelewa kuzaliwa.

"Umeshuka?"

"Umeshuka kidogo, mama."

"Basi acha tuive."

Mchana ule naukumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto za homa. Kilima kizima kilikuwa kinatetemeka kwa joto, lami inameremeta mbele yetu kama maji, na tukiisogelea hatuyakuti. Ulikuwa msimu wa vipepeo weupe. Walivuka barabara makundi kwa makundi, hawana haraka, na mama alipunguza mwendo kila walipotuzunguka, ingawa kupunguza mwendo mlimani ndiko kulikotuumiza.

Gari tulikuwa tunaliita Bibi Arusi, kwa sababu lilinunuliwa jeupe pe. Siku hizo lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na mlango mmoja ulifunguka kwa kubembelezwa. Baba alilitunza mpaka alipofariki, na tangu afariki likaanza kuchemka. Mjini, mwendo wa kunyata, halikuwa na neno. Likiona kilima tu, linapandisha joto. Mama, ambaye hakuwa mtu wa kuamini mambo ya ajabu, alianza kusema polepole kwamba gari lina msiba wake.

Kaka yangu hakutaka kusikia habari za msiba. Yeye alikuwa na chumba tayari nyumbani kwake, kitanda kimetandikwa, na alitaka mama aache ukunga apumzike. Kliniki ya mama ilikuwa ng'ambo ya kilima, na bila gari hakuna kliniki. Wakabishana wiki nzima kwenye simu, mpaka mama akasema yake: gari likivuka kilima bila kuchemka, kaka afunge mdomo. Likichemka, yeye mwenyewe atafunga virago. Mama akishasema neno halimezi tena, na kaka alilijua hilo vizuri.

Kwa fundi wetu tulikuwa tumekwenda mpaka tukachoka. Tulimwita Fundi Subiri, kwa sababu ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila swali. Alibadilisha mkanda wa feni, akabadilisha pampu ya maji, akazibua rejeta, lile sanduku la kupozea maji ya injini, kwa ndani bila kuing'oa, mpaka maji yakatoka safi ya kunywa. Nilikaa sana kwenye benchi la gereji yake, nikimsikiliza akizungumza na injini kama daktari na mgonjwa mkaidi. Mwishoni alijifuta mikono akasema hajui tena, labda Bibi Arusi amezeeka.

Kona ya tatu kabla ya kilele, mshale ulipanda, hita au si hita. Mvuke ukaanza kutoka pembeni mwa boneti. Mama akaegesha kando ya barabara, akazima gari, akashuka, akakaa juu ya jiwe na mkoba wake wa kazi mapajani.

"Haya. Mpigie kaka yako."

Sijawahi kumwona mama amesinyaa kama alivyokuwa pale. Nilishikwa na hasira, sijui nilimkasirikia nani.

"Subiri kwanza," nilisema.

"Usiniletee ufundi wa huyo mwenzako."

Lakini nilikuwa nimeshaanza kuwaza. Hita ilitubabua miguu. Maana yake maji yalikuwa yanazunguka, yangekuwa yamesimama tusingeungua namna ile. Kwa hiyo joto lilifika mpaka kwenye rejeta vizuri, ila halikupata pa kutokea. Na rejeta hupozwa na nini? Na upepo basi. Mvuke ulipotulia nikaliwasha gari tena, likawa linanguruma palepale.

"Mama, nipe mtandio."

"Wa nini?"

"Nipe tu."

Nilikuwa nimemwona Fundi Subiri akijaribu hivyo kwa gari la mtu mwingine: feni ikiwa nzima na njia iko wazi, huvuta kitambaa kikang'ang'ania kwenye grili, yale meno ya mbele ya gari. Niliushika mtandio wa mama kwa ncha mbili, nikausogeza. Ukaning'inia. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zote, naisikia, na mtandio hata haukutikisika.

Nikazima gari. Nikafungua boneti, nikaingiza vidole katikati ya grili na rejeta, mahali ambapo kila mtu aliona weusi akadhani ni weusi wa rejeta. Nikagusa kitu laini. Nilikivuta ncha, vumbi likapukutika pamoja na ungaunga mweupe wa mabawa ya vipepeo.

Mama alikuja akasimama nyuma yangu. Kilikuwa kipande cha chandarua, kimekatwa sawasawa na upana wa rejeta, kimefungwa pembe zote kwa utepe. Kilikuwa kimeziba kama godoro. Mama aliufuta ukingo kwa kidole gumba, akaukuta uzi.

"Huu mkono wa baba yako," alisema.

Baba alikuwa fundi cherehani, na pindo lake lilirudiwa mara mbili, hata kwenye tambara la jikoni. Mama alinieleza pale pale, bila kuniangalia. Mwaka wa kwanza wa gari, alirudi kutoka kliniki na vipepeo wamekwama kwenye rejeta, wengine wazima bado, na alilia akiwachomoa. Kumbe baba alikwenda akashona chandarua kile cha kuwazuia. Na kila Jumamosi alitoka na ndoo na brashi kuuosha uso wa gari, na mama akimtania mbele ya wageni kwamba mume wake ana mke mwingine, yule wa matairi.

"Miaka yote hiyo nacheka," alisema. "Na yeye anacheka na mimi."

Tepe zilikuwa zimekakamaa, hazikufunguka. Mama alifungua mkoba, akatoa mkasi wake wa vitovu, akaupangusa kwa pamba kama ilivyo desturi yake, akakata moja moja. Ndipo akalia, kwa sauti, mbele ya malori yaliyopita, kilio ambacho hakukitoa siku ya mazishi. Nilimshikilia mpaka akatulia. Kile chandarua alikikunja vumbi na yote, akasema atakifua, atakirudisha mwenyewe, na Jumamosi ni Jumamosi.

Injini ilipopoa tukaongeza maji, tukawasha, tukajaribu tena. Mtandio ulinyakuliwa mikononi mwangu ukanata kwenye grili, tukaucheka kama watoto. Nilikwenda kufungua mlango wa abiria.

"Wewe panda lori lolote urudi nyumbani," mama alisema. "Kilima hiki nataka kukivuka peke yangu. Na mwambie kaka yako kosa lilikuwa la chandarua, si la gari, na kile chumba awape watoto wake."

Nilisimama pembeni ya barabara. Bibi Arusi aliondoka na gia ya kwanza, akaguna, akashika mwendo. Vipepeo walimpisha. Karibu na kilele mama alikunja kona bila kupiga honi, kama kawaida yake, na nikausikia mlio wa gari ukiendelea upande wa pili.