Kishada cha Makaburi ya Juu

Karani wa halmashauri alipanda kilimani na ndoo ya chokaa. Kaburi lolote la zamani ambalo halingekuwa na ua hadi adhuhuri ya siku hiyo, Sikukuu ya Watakatifu Wote, angelitia alama kuwa halina wenyewe, na tingatinga lingelifukua kupisha soko. Na maua mjini yalikwisha tangu alfajiri.

Tecla Tubac alikitazama kishada chao cha karatasi cha kurusha angani, kipana kuliko nyumba, kimechorwa mifupa ikichuma kahawa. Kikundi chao kizima kilikuwa kikikibandika tangu Julai.

"Kikateni!" akasema. "Tufanye maua."

"Umerukwa na akili, dada?" Macario, mwenzake kikundini, akang'aka. "Hakijaonja hata upepo!"

"Kesho si tunakichoma, kama kila mwaka, wafu warudi kwao? Hawa walifukuzwa mashambani wakiwa hai, kaka. Kufukuzwa tena wakiwa mifupa, hapana!"

Macario akalaani, kisha akachomoa kisu akakata fuvu la kwanza mwenyewe. Watu wakafurika, wakikunja karatasi kwa vicheko, mabibi wakigombea makaburi ya wasiowajua: "Toka, huyu wangu!"

Adhuhuri kilima kizima kilikuwa kikivuma kwa karatasi za rangi. Karani alizunguka, asione pa kutia alama.

"Sogea, bwana," Tecla akamwambia. "Unamkanyaga babu yangu."

"Babu yako yupi?"

"Wote!"