Mihula Miwili Mgeta

Hakuna aliyeweza kusema Kondo hakufanya kazi. Kabla yake, wakulima wa huko juu Mgeta walibeba kabichi vichwani hadi barabarani, na dalali akawapangia bei aitakayo. Kondo akawaunganisha wakaunda ushirika, ghala likajengwa, lori likapanda hadi mlangoni. Ndiyo maana muhula wake wa pili wa uenyekiti ulipofika ukingoni, naye akataka katiba ya ushirika ibadilishwe ili mwenyekiti anayependwa aendelee tu, wengi waliliona jambo dogo.

Hosiana, makamu wake, hakuliona dogo. Siku ya kuandika katiba ile, yeye ndiye aliyepigania mwisho uwe mihula miwili, na Kondo mwenyewe alimuunga mkono.

Siku moja kabla ya mkutano, Kondo, ambaye ni mdogo wa mume wa Hosiana, alimkuta shambani anang'oa karoti.

"Shemeji, pendekezo likipita nawe unabaki," alisema. "Tumetoka mbali."

"Tumetoka mbali kweli. Tusije tukaharibia njiani."

"Kwani nimeiba?"

"Hujaiba. Ila akija mwizi baada yako, tutamtoa kwa kifungu gani?"

Kondo akaondoka bila kuaga.

Kesho yake ghala lilifurika watu. Kondo alisoma pendekezo lake, akataka wanaokubali wanyooshe mikono, huku akiwapitia kwa macho mmoja mmoja. Mikono ikaanza kupanda, ya waliokaa mbele kwanza. Hosiana akasimama.

"Jambo hili linamhusu mwenyekiti," alisema. "Katiba inamtaka akae pembeni, na kura iwe ya siri. Shemeji, naomba kiti, niongoze kura."

Kondo akamkazia macho. "Mimi ndiye niliyekuleta kwenye meza hii, Hosiana."

"Ndiyo. Na mbele ya watu hawa hawa ukaniapisha niilinde katiba."

Kasiani, mkulima wa njegere aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono, akaushusha. Jirani yake naye akaushusha, kisha mstari mzima, hadi ghalani pasibaki mkono juu. Kondo alitazama. Mwishowe akainuka, akaenda kuketi juu ya gunia la viazi katikati ya wanachama.

Walipiga kura nyuma ya ghala: punje ya hindi kwa anayekubali, haragwe kwa anayekataa, kwenye ndoo iliyofunikwa kanga. Ndoo ilipomiminwa, maharage yalijaa mezani. Mahindi ilibidi yatafutwe.

Hosiana hakushangilia. Alimfuata Kondo, akampa mkono. "Asante kwa kuinuka, shemeji."

"Kulipandisha lori ilikuwa rahisi zaidi," Kondo alijibu. Watu wakasimama, wakampigia makofi marefu kwa yote aliyowafanyia, naye akainamisha uso.

Muhula wa Hosiana wa umakamu ulikwisha pamoja na wa Kondo. Kasiani akachaguliwa mwenyekiti, na mkutano wake wa kwanza ukajadili kununua lori la pili. Hosiana alipinga kwa hoja zake zote. Akashindwa vibaya.

Alipanda mlima kurudi kwake akitembea kwa madaha kama bibi harusi. Mumewe akamuuliza kulikoni.

"Wamenikatalia, tena mchana kweupe," alisema, akivua viatu vyenye tope. "Wote, hata mdogo wako. Hakuna aliyeniogopa."